Ukurasa wa Tatu wa Fomu

Baba,

Jumatatu naanza kazi. Ofisi ni ile ile ya Nakasero uliyokuwa ukinionyesha kwa kidole kila tukipita, ghorofa ya pili, masijala, mahali yanapotunzwa mafaili ya watumishi wote wa serikali. Basi umeshinda. Binti wa sajini wa polisi ameingia serikalini kwa mtihani, bila mjomba mwenye magwanda, bila kupeleka mbuzi kwa mtu. Ungekuwepo ungepiga pasi yunifomu yenye wanga, ukanisindikiza mpaka mlangoni, na mimi ningeona aibu mbele za watu. Ningetoa chochote niipate aibu hiyo.

Lakini sikuandiki ili nikufurahishe. Kuna jambo nimefanya, na nataka ulisikie kwangu, kwa sababu hakuna mwingine wa kukuambia. Mama hataki kusema nami tangu wiki iliyopita. Nitafika huko. Wewe ndiye uliyenizoesha kuandika ripoti kuanzia mwanzo, bila kuruka, na hata sasa sijui kuandika kwa njia nyingine.

Mwanzo ni wiki yangu ya pili chuoni. Ulikuja na baiskeli, umevaa yunifomu kamili, na wasichana wa bweni letu wakakimbia kufunga milango wakidhani umekuja kukamata mtu. Nilikukuta chini ya ngazi na kifurushi cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na karatasi za mtihani wa kuingia ofisi za serikali, za miaka iliyopita, na zilinuka samaki. Ulikuwa umekwenda Ggaba alfajiri, ukanunua ngege wawili wakubwa, ukampelekea yule karani wa Nakasero, Bwana Wasswa, naye akakupa karatasi zile, na wewe ukazifunga kwa gazeti lile lile la samaki. Nilikuambia, Baba, ndiyo kwanza nimeanza, nina miaka mitatu ya kusoma. Ukasema: "Digrii utaweka ukutani. Mtihani ya serikali ndio italeta chakula. Anza sasa, wengine watakuta wewe iko tayari."

Nilikuchukia siku hiyo. Nakuambia wazi kwa sababu hatukuwahi kuambiana. Wenzangu walikuwa wanaingia kwenye vikundi vya maigizo, wanakwenda dansi, wanabishana mpaka koo zinakauka juu ya historia ya Afrika. Mimi kila Jumamosi mchana natembea kwa miguu kutoka chuoni mpaka kambini Nsambya, nakaa kwenye meza yetu ya kulia chakula, na wewe unakata safu ya gazeti, unaiweka mbele yangu, unapuliza filimbi. Filimbi ya polisi, ndani ya chumba. Nusu saa niifupishe habari ile iwe theluthi moja bila kupoteza jambo hata moja. Lakot, mdogo wangu, alikuwa akiziba masikio na kwenda kucheza bombani na watoto wa majirani. Mama alikuwa akikaanga mandazi yake ya kuuza kule kwenye nyumba za reli, anatutazama, anatikisa kichwa. Kisha unahesabu maneno yangu moja moja kwa ncha ya kalamu. Neno moja likizidi, tunaanza upya.

Rafiki yangu wa chumba kimoja aliniita Katibu Mkuu. Alikuwa ananichokoza tu, lakini liliniingia. Wao wanasoma digrii, mimi nasoma namna ya kupanga karatasi ndani ya faili, ya juu ni ipi na ya chini ni ipi, na namna ya kumwandikia mkubwa dokezo lisilomkera.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba wewe uliamini. Tazama miaka tuliyokuwa ndani yake. Makatibu wa wizara walikuwa wanasikia kwenye redio, saa ya chakula, kwamba kuanzia sasa hivi hawana kazi. Walimu wetu chuoni walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Mmoja alituachia insha zetu mezani, zimesahihishwa nusu. Maduka ya Wahindi yalipewa watu ambao hawakujua hata bei ya sabuni, wakaitwa mafutamingi, na sabuni yenyewe ikapotea. Pale kituoni kwako kijana aliyeingia jana kutoka jeshini, asiyejua kusoma kitabu cha matukio, akawekwa juu yako. Ulimsomea wewe, kwa sauti, kila asubuhi, na yeye akaweka kidole gumba. Ukarudi nyumbani, ukavua mkanda, ukaniambia: "Hii itapita. Serikali bila karatasi hapana simama." Nilitaka kukuuliza, itapita lini? Nilifupisha gazeti.

Sasa naja kwenye fomu.

Bwana Wasswa alikuambia kwamba anayeandikisha jina mapema, akiwa bado mwaka wa kwanza, hufikiriwa kabla ya wengine. Ukaleta fomu. Kurasa nne. Ulinifanya ninawe mikono kwanza. Mwandiko wako ulikuwa mzito, wa kaunta, kwa hiyo mimi nikaandika na wewe ukasimama nyuma ya kiti. Jina, shule, dini, kabila, wilaya ya baba, nchi ya mama. Mwacholi na Mluhya wa Kenya, nyumba ya Kiswahili kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Ukurasa wa tatu ulikuwa mpya, umechapwa kwa mashine tofauti, na uliuliza: ndugu wa karibu waliopo nje ya nchi, majina yao, wapo wapi, na waliondoka lini.

Niliweka kalamu chini, nikasema, Baba, hapa tuandike nini? Maana sote tulijua kwamba Baba Mdogo Olweny alikuwa askari, na kwamba mwaka ule wenzake walipochinjwa kambini yeye alivuka kwenda Tanzania, na kwamba yuko huko na wale wanaosemwa kwenye redio. Jina lake halikutajwa nyumbani. Hata Lakot alijua. Bwana Wasswa mwenyewe alikuwa amekuonya, ulinieleza ukicheka: watu wote wanauruka ukurasa ule, na ofisini hakuna anayewarudisha.

Wewe ulikaa miaka ishirini na mbili nyuma ya kaunta ukiwarudisha watu. Bibi kizee ameibiwa kuku, hukupokea maelezo yake mpaka aseme rangi ya kila kuku. Majirani walikutania kwa ajili hiyo. Hukuweza, Baba. Najua hukuweza. Ukaniwekea mkono begani, ukasema: "Andika yote. Serikali ikiuliza, basi iko najua tayari. Wanataka kuona kama sisi tunadanganya."

Nami nikaandika. Olweny, mdogo wa baba, Tanzania, na mwaka aliovuka. Kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista. Ulipuliza wino ukauke, ukaipeleka Nakasero kwa baiskeli siku ile ile, kama mtu anayepeleka mahari.

Miaka miwili haikutokea kitu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba karatasi ililala tu mahali fulani miaka miwili, na sisi tunaendelea na filimbi na gazeti. Nikawa hodari. Nikaanza hata kupenda. Kuna Jumamosi moja nilikurudishia ufupisho ukahesabu mara tatu, ukaenda kuninunulia soda. Ulikunywa nusu yake mwenyewe njiani na ukadai ilimwagika.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani walikuja mchana, ulipokuja nyumbani kula. Mimi nilikuwa chuoni. Walikuwa wanne, na mmoja alikuwa na karatasi mkononi. Mama aliniambia mambo mawili tu. La kwanza, kwamba uliomba umalize kunawa mikono, wakakukubalia. La pili, kwamba yule mtu alikuonyesha karatasi akakuuliza kama ni yako, na Mama alikuwa amesimama karibu, akaona mwandiko wangu.

Hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Alisema, nikauona mwandiko wako, akaendelea kukanda unga.

Siku ya tisa akaja mwenzako, yule mzee wa Busoga mliyekuwa mkila naye zamu ya asubuhi. Simwandiki jina. Alikuja kama mtu anayenunua mandazi, akasimama mlangoni na mandazi mkononi bila kula. Alituambia kwamba alipangwa kwenye lori la kubeba maiti, kwamba alikuona kwa macho yake, na kwamba alikufunika uso kwa koti lake la mvua. Akasema tusisubiri, na tusimuulize wapi. Akalipa mandazi akaondoka. Mama alimfuata uani akamrudishia hela zake, naye akazikataa.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kufa na bado asiwe amekufa. Nilikwenda kituoni kwako. Kaunta yako, Baba, na kijana mwingine nyuma yake. Nikauliza habari zako kwa adabu, naye akafungua kitabu akanisomea kwa kusitasita: ametoroka kazini. Tarehe waliyoandika ni ya kesho yake, siku moja baada ya wao wenyewe kukuchukua. Hata uongo hawakuweza kuuandika sawasawa. Wewe ungewarudisha.

Wiki ile ile ikaja barua kwamba familia ya mtoro haina haki ya nyumba kambini, tumepewa mpaka mwisho wa mwezi unaofuata. Nilimwambia Mama turudi kwao Kakamega. Akasema: "Nirudi nikiwa nani? Wataniuliza kaburi la mume wangu liko wapi." Lakot alikuwa na mtihani wa darasa la saba. Na mimi nilikuwa na njia moja tu mkononi, ile uliyonitengenezea mwenyewe kwa filimbi. Mtumishi wa serikali hupewa nyumba, na wakati anapoingojea haguswi pale alipo.

Kwa hiyo nilikwenda kuufanya. Unaweza kuamini? Nilikaa kwenye ukumbi ule na kalamu mbili kama ulivyoniagiza, saa mezani, leso kwa ajili ya jasho la mkono. Ufupisho ulikuwa habari ya kilimo cha pamba. Niliumaliza kabla ya wote, maneno sawasawa, halikuzidi hata moja. Swali la pili lilitaka tumwandikie raia barua ya kumjulisha kwa heshima kwamba ombi lake haliwezi kukubaliwa. Niliandika barua tamu, Baba. Anayeisoma angeshukuru kwa kunyimwa. Nikiwa naiandika nilikuwa nakutukana moyoni. Nilikutukana wewe, siyo wao. Wao sikuwategemea kwa lolote. Wewe nilikutegemea ujue kwamba kuna karatasi za kujaza na kuna karatasi za kuwashia makaa ya sigiri. Mtu mzima, polisi, uliyeona uliyoyaona, ukashindwa kuacha mistari mitatu mitupu kwa ajili ya uhai wako. Na kwa ajili yetu.

Kisha najikumbuka mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilijua, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema siandiki. Nilitaka tu tumalize haraka nirudi chuoni, kulikuwa na onyesho la maigizo jioni ile.

Nilikuwa wa pili katika wote waliofanya. Waliniita Nakasero. Nyuma ya meza kubwa alikaa kapteni mmoja aliyekuwa anakula karanga, maganda anayaweka kwenye trei ya barua zinazotoka. Hakuniuliza swali hata moja la mtihani. Akanisukumia fomu ya kuajiriwa akanielekeza kwa Bwana Wasswa, niijazie pale pembeni.

Bwana Wasswa amezeeka. Hakuniangalia machoni. Fomu ni ile ile, na ukurasa wa tatu wameuongeza. Sasa unauliza habari za baba. Yu hai, au amekufa. Kama amekufa, ambatisha cheti cha kifo. Kama yu hai, kazi yake na mahali alipo.

Nilikaa nayo muda mrefu. Cheti sina, na wa kunipa hayupo, kwa sababu wenye kutoa vyeti ndio hao hao walioandika kwamba umetoroka. Nikiandika umekufa, wataniuliza nimejuaje, nani kaniambia, na yule mzee wa Busoga hatafika Jumapili akiwa hai. Nikiacha wazi, watanirudisha, na nafasi atapewa shemeji wa kapteni. Bwana Wasswa alijifanya anatafuta pini kwenye droo, akainama karibu yangu akasema polepole: "Andika kama polisi wameandika, mwanangu. Safari hii nakuomba unisikie."

Nikaandika, Baba. Yu hai. Alikuwa sajini wa polisi. Ametoroka kazini, mahali alipo hapajulikani. Kulikuwa na mstari zaidi, unaotaka mwombaji atamke kwamba hana mawasiliano na mtu huyo na hataki kuwa nayo. Nikatia sahihi na hapo. Kalamu haikutetemeka, umenifundisha vizuri mno. Kapteni aliisoma, au alijifanya anaisoma, akagonga muhuri, akanipa mkono wenye chumvi ya karanga.

Hilo ndilo jambo langu. Mtu ambaye hakuchelewa zamu hata siku moja, ambaye alikwenda kazini na malaria akiwa ameshika ukuta, mimi binti yake nimeandika kwamba alitoroka. Nimeuza jina lako nikapata nyumba ya vyumba viwili, bado hatujaiona. Nikijitetea nasema ni kwa ajili ya Lakot na Mama. Ni kweli pia. Lakini nilipotoka nje pale na barua ya ajira kwenye bahasha, kuna dakika moja nilifurahi. Nilipita sokoni Nakasero nikanunua nyanya, na nilikuwa natembea kwa furaha. Nakuambia na hilo.

Nikafika nyumbani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, mchana, watu wanapita, beseni la maji miguuni na wembe mkononi. Unajua desturi ya kwao, maiti akishazikwa mjane na watoto hunyolewa. Miezi miwili alikuwa anangoja kuzika kwanza. Asubuhi hiyo, sijui nini kilimjia, aliamua kwamba hatangoja tena, hata bila kaburi. Alikuwa ameshaanza juu ya sikio la kushoto. Alianza mwenyewe, kwa kupapasa, bila kioo.

Nikamnyang'anya wembe. Nilimshika mkono mama yangu kwa nguvu mbele ya majirani, nikamvuta ndani, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mke wa mtoro hanyoi nywele. Nilisema hivyo hivyo. Nikamwambia wakimwona kipara watajua tunakulilia, watauliza nani katuambia, na karatasi niliyotoka kutia sahihi itakuwa uongo, na tutakwisha wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kitambaa, akakifunga kichwani, akaenda kuwasha moto. Tangu siku hiyo ananitengea chakula na hanijibu.

Kwa hiyo huna kaburi, huna matanga, na sasa huna hata mjane. Vyote hivyo wamevichukua wao, na cha mwisho nimewasaidia kukichukua. Sikuombi unisamehe. Sijui kama mimi nimekusamehe wewe. Kuna siku naamka nimekusamehe kabisa, na kufika saa ya chai nimeshaghairi.

Lazima niichome barua hii nikimaliza, kwa hiyo naandika ya mwisho. Kwaheri, Baba. Hatukuagana, basi hii ndiyo. Lala ulipo, na yeyote aliyelazwa nawe hapo umsalimu, najua hauko peke yako. Kuanzia Jumatatu funguo za makabati ya masijala zitakuwa kiunoni mwangu, na faili lako liko ndani ya mojawapo. Nitalitafuta lilipo na nitalilinda lisipotee, hata kama ni miaka kumi. Siku watu hawa watakapoondoka nitaufuta mstari wangu kwenye fomu ile, niandike kwamba ulikufa, na ni nani waliokuja kukuchukua mchana ule. Halafu nitatoka ofisini kabla ya saa, nirudi nyumbani, nimkalishe Mama kwenye kigoda nje ya mlango, wote waone, nimfungue kitambaa, na nimalizie kumnyoa.

Binti yako,
Atim